Jina la Genge la Chausiku

Mtaa mzima ulikuwa na duka moja, la Bwana Mshangama. Chausiku alipotandika meza yake ya sukari ng'ambo ya barabara, Mshangama akaipindua. "Huna namba ya biashara, huuzi!"

Kisha akamgeukia mteja aliyelalamikia bei, akamfokea kama kawaida yake: "Hutaki? Nenda kwingine!"

Chausiku akatabasamu, akashika njia ya ofisi ya kodi.

"Mko wangapi kwenye biashara, mama?" karani akauliza.

"Peke yangu, mwanangu."

"Jina la biashara?"

Akamnong'oneza. Karani akacheka mpaka machozi, akampa namba.

Wiki haikuisha, duka la Mshangama likabaki na nzi.

"Nani anawatuma kwa yule mwanamke?" akamfokea mteja wake wa zamani aliyekuwa akipita.

"Si wewe mwenyewe!" mteja akajibu, akimwonyesha kibao kipya ng'ambo: KWINGINE.