Kikao cha Tisa Kuhusu Boya

Mama mmoja alikuwa na mwamba baharini. Sisemi alikuwa na hati yake. Bahari haina hati. Nasema alikuwa nao kwa sababu bibi yake alichokoa pweza pale, na mama yake naye vilevile, na yeye mwenyewe alilijua kila tundu kwa nyayo zake. Jina lake Mwatumu. Kila bamvua, maji yakitoka mpaka mbali, alishuka na kijiti na kikapu, na alichopanda nacho ndicho walichokula yeye na wajukuu watatu aliobaki nao. Pweza akipatikana, walikula. Asipopatikana, walilala na uji wa chumvi. Likumbukeni hilo, maana wenzenu walilisahau.

Mwaka mmoja bahari ikapata joto la kupita kiasi. Matumbawe yakageuka meupe, yakafa, yakaota ukoga. Tumbawe likifa, matundu huporomoka, na pweza hakai mahali pasipo na tundu. Ana akili kuliko baadhi yetu. Mwatumu akashuka bamvua tatu mfululizo akapanda na kikapu kitupu. Watu wakamwambia ni kudra, avumilie. Akasema kudra haijamkataza mtu kupanda upya kilichokufa.

Ndipo wakaja watu watatu, na msinielewe vibaya, wote walikuwa watu wema. Wa kwanza ni Faki, mwenyekiti wa wavuvi wa pale kijijini. Wa pili ni Daktari Shirima, mwanamke msomi wa mambo ya bahari, aliyejua kukata kipande cha tumbawe lililo hai na kukikuza kwenye kitalu, kama mtu anavyokata kipande cha muhogo akapanda. Wa tatu ni Bwana Mbwambo, meneja wa hoteli ya ufukweni, ambaye wageni wake huja kuzamia na kutazama samaki. Kila mmoja alisema anaupenda ule mwamba, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Wakaunda kamati, wakamchagua Mwatumu awe mratibu. Mnajua mratibu ni nani? Ni yule anayetumwa. Faki akitaka kusema na daktari, Mwatumu atembee. Daktari akitaka jibu la hoteli, Mwatumu atembee. Hotelini walimpitisha mlango wa jikoni, asubiri.

Lakini kazi ilifanyika, tuseme haki. Wakaweka meza za chuma chini ya maji, na juu yake miche mia sita ya matumbawe. Mwaka mzima Mwatumu na wanawake wenzake waliiogesha ile miche, mmoja mmoja, kwa mswaki. Mswaki, jamani, huu wa kusugulia meno! Maji kiunoni, jua kichwani, wanasugua ukoga usije ukaiua. Miche ikakua. Daktari Shirima alilia alipoiona, na hakuona haya kulia mbele za watu.

Likabaki jambo moja dogo. Miche ikishahamishiwa mwambani na kugandishwa kwa saruji, haitaki kuguswa mpaka ishike. Na adui wake mkubwa ni nanga. Kwa hiyo pawekwe boya pembeni, upande wa mchanga, lifungwe kwenye jiwe la zege chini, ili kila chombo kitakachofika kifunge kamba pale kisitie nanga juu ya mwamba. Hilo tu. Jiwe la zege wakalimwaga siku hiyohiyo, likakauka, likakaa pwani tayari. Boya lenyewe likaletwa, jipya, bado liko kwenye nailoni.

Sasa boya lipakwe rangi gani, liandikwe jina la nani?

Msicheke. Vikao tisa! Faki akasema wavuvi hawataki rangi ya machungwa, kwa sababu maboya ya rangi hiyo ndiyo yaliyowafungia bahari zamani, wasivue. Boya liwe jeupe na liandikwe jina la kijiji. Daktari akasema lazima liwe na namba na herufi za mradi, kwa sababu waliotoa vifaa wataomba picha. Bwana Mbwambo akasema hoteli yake ndiyo iliyolinunua boya, kwa hiyo jina la hoteli lionekane, tena kwa herufi ambazo mgeni akiwa kwenye boti atazisoma. Wakaanza na herufi, wakaingia kwenye ukubwa wa herufi, wakaingia kwenye jina la nani litangulie. Chai ikanyweka, sambusa zikaliwa, kumbukumbu zikasomwa na kusahihishwa. Lile jiwe la zege likawa mahali pa kuanikia dagaa.

Mtaniambia manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapana. Unahodha hakuna aliyeutaka. Unahodha ni kazi. Walitaka jina.

Kwenye kikao cha tisa Mwatumu akaomba kusema. Akawaambia miche haiwezi kungoja, joto liko njiani, na yeye ana watoto wa kulisha. Hilo boya walitie majini hivyohivyo lilivyo, wakitaka walichore hata punda. Watu wakacheka. Bwana Mbwambo akamwambia kwa upole, "Mama, hayo ni mambo ya utaratibu, utuachie sisi." Faki, mtu wa kwao, aliyekula pweza wake tangu utotoni, akatazama chini. Hapo ndipo hasira hunishika, kila nikiisimulia.

Wanawake hawakungoja kikao cha kumi. Bamvua ilipofika walishuka siku nne, wakapanda miche yote mia sita kwa mikono yao, wakaigandisha kwa saruji kwenye matundu ya zamani. Daktari alikuwa nao majini kutwa, magoti yakichubuka. Kamati iliposikia ikafurahi mno. Ikakubaliana kufanya sherehe ya uzinduzi, na hilo, Yarabi, walilimaliza kwa robo saa.

Siku ya sherehe vikaja vyombo kumi na kimoja. Boti za hoteli na wageni wake, boti ya daktari na wapiga picha, mashua na ngalawa za wavuvi zilizopambwa matawi ya minazi. Maji yalikuwa yamejaa, mwamba uko chini hauonekani vizuri. Boya liko stoo. Na kila mmoja alijua, nasema kila mmoja, kwamba pale juu ya mwamba hapatiwi nanga. Lakini upande wa mchanga ulikuwa mbali na kipaza sauti. Nahodha wa hoteli akasema wageni wake hawawezi kuogelea mbali, na nanga moja si kitu. Mwenye boti ya daktari akasema ni dakika kumi tu za picha. Wavuvi wakaona wenzao wametia, wakasema ebo, sisi ndio wenye bahari, tukae nyuma? Wakatia na wao. Kukawa na mkondo, vyombo vikavutwa huku na huku, nanga zikiburuta chini, na huku juu hotuba zinaendelea, kila hotuba ikishukuru ushirikiano.

Mwatumu alifika mwisho, kwa sababu alikuwa pwani akiwapikia pilau. Aliletwa kwa mtumbwi. Akaziona kamba zimenyooka kuingia majini. Akavua kanga ya sherehe waliyompa, akavaa miwani ya kuzamia, akajitosa. Alizama mara tano, na kila alipoibuka kipaza sauti kilikuwa kimepungua sauti kidogo, mpaka kikanyamaza chenyewe. Mara ya tano akaibuka na kipande cha tumbawe kilichovunjika, saruji bado imekishika. Akakipandisha kwenye boti walimokaa wale watatu, akakiweka miguuni mwao.

"Haya," akawaambia, "andikeni hapa."

Daktari Shirima akafunika uso. Faki akaanza kusema "Bi Mwatumu, wallahi..." asijue anaapa nini. Bwana Mbwambo akawaamuru mabaharia wake wang'oe nanga upesi, na kwa haraka ile ile wakavunja miche mingine.

Bamvua iliyofuata, miche iliyosimama ilikuwa arobaini na miwili. Mwatumu hakuchokoa pweza mwaka ule wala mwaka uliofuata. Alikwenda kwenye tope la mikoko kufukua chaza, kazi ya wasichana wenye migongo mipya, na wake ulikwisha kuzeeka. Mjukuu wake mkubwa aliacha shule akamsaidie. Na kamati? Kamati haikulala, wacha wee! Ilikaa kikao cha kumi, ajenda ni nani aliyetia nanga kwanza. Wavuvi wakasema nanga zao ni za mawe, hazina meno. Hoteli ikasema nahodha wao alikuwa mgeni. Daktari akasema alionya mapema, na kweli alionya, imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao cha nne, ukurasa wa pili.

Nawaona mnatikisa vichwa. Kila mmoja wenu amekwisha kumpata wa kumfananisha na Faki, na wa kumfananisha na Mbwambo, na huyo amekaa safu ya nyuma yake au ya mbele yake. Basi nijibuni swali moja, nami nikae chini: kati ya wale watatu, ni yupi ambaye hakuupenda mwamba?