Nafasi Moja kwa Wakimbiaji Wanne

Kisa hiki nimekisimulia mara tatu, na mara zote tatu wasikilizaji wangu waliondoka wamenuniana. Mara ya mwisho mume na mke walibishana hadi chai ikapoa mezani. Kwa hiyo naomba mapema: tegeni sikio mpaka nimalize, na mwenye jibu alibane kwanza.

Walikuwepo wanawake wanne waliokimbia mbio fupi katika nchi iliyojali mbio ndefu tu. Wa mbio ndefu walikuwa na kambi, walikuwa na daktari, na wakirudi safari walipokewa uwanja wa ndege kwa nyimbo na maziwa. Hawa wanne walikuwa na uwanja wa shule wenye changarawe. Kijiti chao cha kupokezana mazoezini kilikuwa kipande cha bomba la maji kilichokatwa kwa msumeno.

Wa kwanza aliitwa Dama, mzaliwa wa Kilifi, mkubwa wao kwa umri. Kipaji chake kilikuwa masikio na subira. Bastola ikilia, ameshaondoka. Isipolia, hatikisiki hata nzi akimtulia puani.

Wa pili alikuwa Syombua wa Kitui, mrefu, mwenye hatua zilizomeza ardhi. Huyu maumivu hayakujua jina lake.

Wa tatu ni Moraa wa Nyamira. Mfupi, lakini kona aliikata bila kupunguza mwendo, na macho yake yalipima umbali kama ya fundi cherehani.

Na wa nne, Nangila wa Bungoma. Mzito wa kuanza, ila akishachanganya, aliye mbele yake ajue anafuatwa.

Kocha wao alikuwa Jeruto, mwalimu wa sekondari. Kwa miaka mitatu aliwafundisha baada ya vipindi, na kwa miaka mitatu aliandika barua za kuomba uwanja bora. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Basi wakaenda mashindano ya dunia, na jambo lisilotarajiwa na mtu likatokea. Katika mbio za wanawake za mita mia moja mara nne, walivuka mchujo wakaingia fainali. Timu nane tu duniani, na wao wamo.

Fainali ilikimbiwa alasiri, jua likiwa bado kali. Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Dama aliinama kwenye vibao vya kuanzia, njia ya pili. Mwanzishaji akasema, "Tayari!" Kisha bastola ikakawia. Msichana wa njia ya tatu akachomoka kabla ya mlio. Kila msuli wa Dama ulitaka kumfuata, na angemfuata, timu nzima ingefungasha. Hakutikisika. Wa njia ya tatu akatolewa akilia, timu zikabaki saba. Mbio zilipoanza upya, Dama aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akafika kwa Syombua akiwa wa pili. Wa pili duniani! Lakini alikuja kwa kasi kubwa mno. Alipokuwa akikabidhi kijiti, alimkanyaga Syombua kisigino, kiatu kikamtoka mguuni.

Syombua akabaki na kiatu kimoja cha misumari, mguu mwingine mtupu, juu ya njia ya raba iliyochomwa na jua tangu asubuhi. Angesimama, nani angemlaumu? Hakusimama. Alikimbia mita mia moja akichechemea, na ngozi ya unyayo ikibaki nyuma yake vipande vipande. Timu tatu zikampita. Kijiti hakukiacha.

Moraa naye alikuwa ameshaondoka. Ndivyo walivyozoea: Syombua akikanyaga alama, Moraa anakimbia bila kugeuka, anasubiri kijiti kiguse kiganja. Lakini kiganja kilibaki kitupu. Mbele yake kulikuwa na mstari, na kijiti kikipokewa ng'ambo ya mstari huo, timu inafutwa. Moraa akafanya kile ambacho kila mkimbiaji wa vijiti hukatazwa: akageuka. Akaona damu, akaelewa. Akajizuia kwa nguvu zake zote hadi karibu asimame, akanyoosha mkono, akakipokea kijiti ikiwa imebaki shubiri moja tu. Kufikia hapo timu zote zilikuwa mbele yao. Akaingia kwenye kona akiwa wa saba, akatoka wa tano.

Nangila alikipokea akaanza polepole, kama kawaida yake. Mita arobaini za kwanza Jeruto hakuweza kutazama. Kisha akachanganya. Akampita wa nne. Akamfikia wa tatu, wakawa bega kwa bega, na hatua mbili kabla ya mstari Nangila akajirusha mzima mzima, kifua mbele. Akaanguka vibaya, mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, ukavunjika kwa mlio uliosikika hadi kwa wapiga picha. Mkono wa pili ulikuwa bado umekamata kijiti.

Wakamlaza kwenye machela. Akauliza, "Tumekuwa wa ngapi?"

Dama akatazama ubao. "Wa nne."

"Tumeachwa kwa kiasi gani?"

"Sehemu moja ya mia ya sekunde."

Kupepesa jicho huchukua muda mrefu kuliko huo. Nangila akafumba macho, akasema, "Basi ni heri tungekuwa wa mwisho."

Kwa wa nne hakuna medali, wala jukwaa, wala wimbo wa taifa. Hata mtangazaji wa redio ya nyumbani, kama walivyokuja kuambiwa baadaye, alikuwa amehamia mbio ndefu kabla hawajamaliza.

Kesho yake asubuhi wakiwa kwenye kifungua kinywa, mgeni mmoja akaja mezani. Mama mmoja nadhifu kutoka kituo cha mafunzo cha huko huko ugenini.

"Tunachukua wakimbiaji wa mbio fupi kwa miaka miwili," alisema. "Uwanja wa kisasa, daktari, makocha. Kila timu iliyofika fainali ikakosa medali inapewa nafasi."

"Nafasi ngapi?" Jeruto akauliza.

"Moja."

"Mama, hawa hukimbia wanne."

"Ndiyo sheria yetu, mwalimu. Naomba jina kabla basi lenu halijaondoka saa nne. Msipoleta, nafasi yenu wanaongezewa timu ya tano." Akaweka fomu mezani, akaenda zake.

Saa mbili na nusu.

Dama ndiye aliyeanza. "Mimi nina miaka ishirini na tisa. Nyinyi mtapata nyingine. Na ningetikisika pale kwenye vibao, leo kusingekuwa na fomu yoyote."

"Dada Dama, nakuheshimu," Syombua akasema, mguu wake umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo. "Lakini kiatu changu alikivua nani?"

"Kwani nilikusudia?"

"Sijasema ulikusudia. Nasema mguu ni wangu."

Moraa akagonga meza. "Mguu, mguu! Ungefika na mguu wako ukanikuta nimeshavuka mstari, tungefutwa. Wote mlikimbia kwa miguu. Mimi peke yangu nilikimbia kwa akili."

"Na mlinifikisha wa tano," Nangila akasema taratibu, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni. "Wa tano! Kwa mfupa huu mmoja mkawa wa nne."

"Wa nne na wa tano wote hawana kitu!"

"Basi ningelala tu, Moraa?"

Walikuwa marafiki hawa. Walikuwa wamelala chumba kimoja, wamesukana nywele, wamelishana uji siku za homa. Jeruto aliwasikiliza hadi akashindwa.

"Nyamazeni! Miaka mitatu naomba uwanja, nanyimwa. Leo tunapewa mlango, nao unatosha mtu mmoja. Hasira zenu ninazo mimi pia, lakini msizitupiane."

"Tukatae," Syombua akasema. "Wote wanne au hakuna."

"Ukikataa unamkomoa nani?" Jeruto akamjibu. "Yule mama hatakosa usingizi. Atampigia simu kocha wa timu ya tano."

"Basi tupige kura ya karata," akasema Moraa. "Bahati iamue."

Nangila akatikisa kichwa. "Mimi sikuvunjika mfupa ili nichaguliwe na karata. Mwalimu, amua wewe."

Jeruto akashika kalamu, akaiweka chini. Angewezaje? Akimchagua mmoja, atarudi nyumbani na watatu watakaomtazama kwa lawama maisha yote. Mwishowe akachana karatasi vipande vinne.

"Kila mmoja aandike jina la anayestahili kwenda. Jina lako mwenyewe ni marufuku. Atakayepata mengi ndiye."

Waliandika wakiwa wamegeuziana migongo. Jeruto akavikusanya vipande, akavifungua kimoja kimoja.

Dama aliandika: Syombua. Akaeleza bila kuulizwa, "Nilimkanyaga, na hakunigeukia hata kunitukana. Alikimbia tu."

Syombua aliandika: Moraa. "Nilikuwa nimekwisha. Angeweza kuniacha. Alinisubiri."

Moraa aliandika: Nangila. "Sisi wengine tulitoka kule tunatembea. Yeye alitolewa amelala."

Na Nangila aliandika: Dama. "Bila yeye tungekuwa na nini cha kukimbilia? Na hana mwaka mwingine."

Jina moja moja. Jeruto alivipanga vipande vile mezani, akavipanga tena, kana kwamba hesabu ingebadilika. Syombua alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka, akajifunika uso. Dama akamshika bega. Hakuna aliyegombana tena, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu zaidi. Ilikuwa rahisi kuchagua walipokuwa wakichukiana.

Nje, dereva wa basi akapiga honi. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni, anatazama saa.

Hapo ndipo ninapokomea, na msinishike shati mkitaka nimalizie. Wapo wanaoniambia ni Dama, maana nyumba ni msingi, na umri haurudi. Wapo wanaosema Syombua, maana alilipa kwa kosa lisilo lake. Wengine wanamtaja Moraa, kwamba ushujaa bila akili ungewafuta wote. Wengine Nangila, kwamba anayemaliza ndiye anayebeba kazi ya wote. Juzi bibi mmoja alinikemea kwamba fomu ichanwe, watu wanne wasigawanywe kwa kalamu. Nikamuuliza, je, timu ya tano ikienda, hawa watakuwa wamepata nini? Akaninunia mpaka leo.

Sasa jibu mlilolibana litoeni. Fomu iko mezani, mstari wa jina ni mtupu, na honi imelia mara ya pili. Ungekuwa wewe ndiye Jeruto, ungeandika jina la nani?