Chumba cha Mbele cha Bi Mwajabu

Hapo zamani, na si zamani ile ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, sukari ilipoanza kupimwa kwa kijiko na mafuta ya kula kwa kifuniko cha soda, alikuwepo mjane mmoja pale Mlandizi, mtaa wa Kibwawani, jina lake Bi Mwajabu. Mzaramo wa damu, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu wa mtaa wa pili bila kunyanyuka kitini.

Marehemu mumewe, Mzee Kondo, alimwachia nyumba ya vyumba sita, vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati na ua nyuma. Chumba cha mbele cha upande wa kulia kilikuwa na mlango wake peke yake, unaotazama barabara iendayo sokoni. Mtaa mzima ulikitamani chumba kile. Weka meza pale uuze hata maji ya kunawa, watu watanunua.

Mzee Kondo alimwachia na mke mwenza pia. Huyo ni Bi Zena, mwenye nyumba yake ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango. Wake hawa walikuwa hawasemezani, mwaka wa kumi na moja ule. Hawasemezani, lakini kila mmoja anajua mwenzake kapika nini, kaamka saa ngapi na kanuna kwa sababu gani.

Basi Bi Mwajabu akaweka hati ya nyumba benki, akachukua mkopo, akanunua mashine ya kusaga. Mwaka wa kwanza mashine ililia kutwa nzima, naye akatembea kwa maringo kama bi harusi siku ya saba. Kisha vyuma vikakaza. Mahindi yakapanda bei, umeme ukapanda, nauli ikapanda, mishahara ikabaki palepale inatazama. Aliyekuwa akileta debe akaleta kisado. Aliyekuwa akileta kisado akaleta bakuli. Aliyekuwa akileta bakuli akakitoa kinu cha bibi yake uvunguni, akatwanga mwenyewe. Na juu ya hayo yakazuka maneno sokoni kwamba katika unga wa Mwajabu kaonekana mjusi, kasagwa na mkia wake. Mjusi huyo hakuna aliyemwona. Lakini aliyeanza kumsimulia alijulikana: alikaa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango.

Mashine ikanyamaza. Marejesho yakasimama. Benki wakaandika barua.

Sasa hapa ndipo anapoingia Mihambo. Mihambo alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, muuza kahawa sokoni, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akiingia kwako akabeba kitu, hukasiriki. Utamwita mpagazi, yeye atakwambia nyie watu wa ngoma na ubwabwa, halafu siku nyingine nawe utaingia kwake ubebe chako. Siku ile Bi Mwajabu yuko uani anachoma vitumbua, Mihambo akaingia korido, akabeba vitu viwili: jogoo, na bahasha ya benki ambayo tarishi alikuwa ameiacha juu ya meza dakika ile ile. Jogoo alimla. Bahasha aliitia ndani ya kofia yake, akingoja mtani wake aje kuikomboa kwa sahani ya wali. Bi Mwajabu hakuja, maana hakujua kuwa kuna bahasha. Alimtafuta jogoo tu. Mihambo naye, kwa kuwa kusoma hakumpendi, akasahau.

Siku arobaini baadaye gari la matangazo likapita mtaani na spika juu ya paa, likatangaza kwamba nyumba ya marehemu Kondo itapigwa mnada keshokutwa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mihambo alikuwa anammiminia mteja kahawa. Mkono ukaenda kichwani wenyewe.

Aliileta ile barua kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka mkono wa pole. Bi Mwajabu akaisoma barazani polepole. Alikuwa amepewa siku thelathini aende benki akazungumze nao, na siku zile zote zilikaa ndani ya kofia ya mtu.

"Jogoo nilikusamehe," akamwambia. "Na hii nikufanyeje?"

Mihambo akaivua kofia, akaikalia.

Majirani wakajaa barazani. Bi Mwajabu hakutaka Zena, aliyekuwa anachungulia nyuma ya pazia lake ng'ambo, amwone analia. Akasimama. Akaapa mbele ya wote, kwa kaburi la Kondo, kwamba mtu mmoja atakayeiokoa nyumba ile, chumba cha mbele ni chake, bila kodi, mpaka Mola wake amwite. Alisema mtu mmoja kwa sababu alikuwa akimlenga mpwa wake wa Dar, mwenye magari mawili. Simu ya mpwa yule haijapatikana mpaka leo.

Siku ya mnada ikafika. Saa nne kasoro dalali akashuka na nyundo yake na mgambo wawili. Wanunuzi wakasogea, wa mbele kabisa bwana mmoja wa shati jeupe, anagongagonga kuta kama mtu anayechagua tikiti maji. Bi Mwajabu alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, kanga kaikaza mdomoni.

Ndipo kikasikika kilio. Mihambo huyo anakuja, kajipaka majivu uso mzima, kavaa kanzu kuukuu ya Mzee Kondo, mkeka kwapani. Akautandika barazani, yeye akajilaza kwenye kizingiti, miguu ndani, kichwa nje. Akaililia nyumba ile kama maiti. Akaiuliza imemwachia nani wali wa Ijumaa. Akawalaumu Wazaramo kwamba wamekula minazi, wamekula mikorosho, sasa wamekula hadi matofali. Akakohoa kama alivyokuwa akikohoa Mzee Kondo, vilevile, na watu waliokuja kwa huzuni wakaanza kuuma midomo. Bi Mwajabu akajikuta anacheka na machozi yanamtoka, hajui kipi kimetangulia.

Dalali akamwamuru aondoke. Mihambo akamwambia kwa upole kwamba mtani akilala mlangoni mwa msiba harukwi mpaka apewe chake, na chake yeye ni ng'ombe saba na kofia mpya. Bwana wa shati jeupe akataka kumruka. Mihambo akamshika mguu, akamuuliza kwao wapi.

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

"Basi nawe ni mfiwa, bwana. Vua viatu, kaa mkekani, usitutie nuksi."

Yule bwana akatazama huku na huku. Kisarawe ana mama yake, ana mashangazi, na habari ya kumruka mtani msibani ingefika kabla yake. Akavua viatu, akakaa. Mgambo mmoja, naye Mzaramo wa Maneromango, akavua buti akakaa karibu yake. Wanunuzi wengine wakaona mnada umeingia mkosi, wakasogea kivulini. Dalali akabaki na nyundo yake, anaitazama saa.

Siwema ndiye aliyeona mlango mwingine. Siwema alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma, fundi cherehani, na mwandishi wa kikundi cha kufa na kuzikana cha pale mtaani. Kikundi kile kilikuwa na sanduku la kufuli tatu, na sheria moja: sanduku halifunguliwi ila kwa msiba. Si kwa ugonjwa, si kwa ada ya shule, si kwa mnada. Akamwendea mwenyekiti, Bi Kidawa, aliyekuwa amekaa barazani anajifuta machozi ya kicheko.

Akamuuliza, mkeka umetandikwa? Umetandikwa. Watu wamekaa? Wamekaa. Mtani kalia? Kalia. Chungu kipo motoni? Bi Kidawa akachungulia uani, akaona kinamama wameshabandika chungu, maana mtu wa Pwani akiona mkeka na watu mkono wake unatafuta mchele wenyewe. Kipo.

"Mbona maiti siioni?" akasema Bi Kidawa.

"Mwenyekiti," Siwema akajibu, "umeikalia baraza yake."

Bi Kidawa akaitazama baraza aliyoikalia. Halafu akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo wake. Sanduku likaletwa, wenye funguo nyingine mbili wakatoa zao, dalali akaitwa, hesabu ikafanyika mkekani. Fedha zikafika nusu ya malimbikizo, zikagoma hapo. Ilikuwa saa saba na nusu.

Ndipo pazia la ng'ambo likafunguka. Bi Zena akavuka barabara, hakutazama kushoto wala kulia, magari yakafunga breki yenyewe. Watu wakajua amekuja kusema la mwisho. Akasimama mbele ya mkeka, akafungua pindo la kanga, akamwaga noti. Alikuwa amemuuza asubuhi ile kwa mwenye bucha ng'ombe wake wa maziwa, yule aliyemlea kwa chupa tangu ndama, aliyekuwa akimsemesha zaidi ya watoto wake.

Dalali akahesabu. Ikatimia, ikabaki hata ya soda. Akakunja karatasi zake, akawaambia benki watampokea Bi Mwajabu Jumatatu wapange upya yaliyobaki, akatia nyundo mfukoni. Nusu saa baadaye alikuwa anakula ubwabwa na yule bwana wa shati jeupe.

Bi Mwajabu akamtazama mke mwenzake. Maneno ya miaka kumi na moja yalimjaa mdomoni, akatoa moja tu.

"Kwa nini?"

"Ungehama," Bi Zena akasema, "mimi ningegombana na nani? Hawa wapangaji?"

Vikapigwa vigelegele. Ikachezwa ngoma iliyochakaza kanga. Yale matanga yalikuwa ya furaha, na Mihambo, aliyekuwa bado mlangoni, alikataa kuinuka mpaka apakuliwe wali palepale alipolala.

Lakini kiapo ni kiapo. Ijumaa iliyofuata watatu wale walikaa mbele ya Bi Mwajabu, kila mmoja na dai lake.

Mihambo akasema bila yeye nyumba ingepata bwana mpya saa nne na robo. Siwema angebaki na daftari lake, Zena angefika na noti zake, wakute mnada umekwisha. "Mimi ndiye niliyesimamisha saa," akasema. Anataka chumba aweke mabenchi ya kahawa, amechoka kunyeshewa sokoni. Bi Zena akamkumbusha kwamba bila kofia yake hata huo mnada usingefika mbali. Mihambo akasema ndiyo, na kwa ajili hiyo alilala saa nne nzima juu ya saruji, kiuno chake kinajua.

Siwema akasema kilio cha mtani ni mzaha, na mzaha haulipi benki. Yeye ndiye aliyeugeuza kuwa msiba. Na amelipia: wanachama wa mtaa wa pili wamemvua uandishi, wanamwita mzika matofali. Anataka chumba aweke cherehani, watu waone kazi yake. Bi Zena akauliza, kwa sauti ya kumuuliza dari, kama kodi ya miezi mitano imeshalipwa. Siwema akainama. Akasema watu hawashoni nguo mpya siku hizi, wanaleta viraka, na kiraka hakilipi kodi, lakini kama angekuwa na kitu angekitoa siku ile.

Bi Zena akasema yeye hana maneno mengi. Wenzake wametoa machozi na mali ya watu, yeye ametoa chake mwenyewe, na kila asubuhi anaamka na ndoo mkononi anakumbuka hana wa kumkamua.

"Na mjusi?" Mihambo akamuuliza.

"Mjusi nilimtia, ng'ombe nimemtoa. Ng'ombe ni mkubwa kuliko mjusi."

Bi Mwajabu akamuuliza chumba cha nini na yeye ana nyumba nzima. Bi Zena akatazama pembeni. Akasema nyumba yake imekuwa kimya, watoto wameoa, ng'ombe hayupo, na kugombana na mtu aliye ng'ambo ya barabara kunataka mapafu ya ujana. Anataka kuwa karibu, amseme Mwajabu bila kupaza sauti.

Bi Mwajabu akajaribu kuwagawia siku. Wakakataa. Akajaribu kuweka pazia katikati. Mihambo akasema kahawa na vitambaa vya bi harusi havikai pamoja, Siwema akasema afadhali kahawa kuliko Bi Zena. Na kiapo chenyewe kilisema mtu mmoja, mbele ya watu, kwa kaburi la Kondo, na Bi Mwajabu hakuwa mtu wa kumfanya Kondo aonekane aliacha mke mwongo.

Basi yuko pale amesimama, ufunguo wa chumba cha mbele mkononi. Mlangoni Mihambo na dele lake la kahawa. Nyuma yake Siwema, cherehani kichwani, shingo inatetemeka. Barabarani mkokoteni wa Bi Zena, kitanda kimelala juu yake miguu inatazama mbingu. Mtaa mzima umetoka kutazama, na kila nyumba ina lake: wanaume wanamtaja huyu, wanawake wanamtaja yule, Bi Kidawa keshabadili mawazo mara tatu.

Haya, nyie mliokula ubwabwa wa msiba ule na nyie mlioisikia harufu yake tu, msininyamazie: yule aliyeisimamisha saa, yule aliyelifungua sanduku, au yule aliyemuuza ng'ombe, ufunguo ule ni wa nani kwa haki?