Nguruwe Mtangaza Mvua na Mama Wengi

Paukwa!
— Pakawa!
Mmelowa?
— Tumelowa!
Na miavuli iko wapi?
— Tumeiacha nyumbani!
Hodari sana. Basi sogeeni, kamueni nguo zenu, niwape habari ya kisiwa ambacho hata mpumbavu alitabiri hali ya hewa na asikosee.

Palikuwa na kisiwa, mbali huko, kwenye bahari ya Karibi, ambako mvua haina haja ya kuombwa. Asubuhi jua. Adhuhuri wingu. Alasiri mvua, ta-ta-ta, shaaa! Kisha jua tena, na upinde wa mvua kwa wale wapendao mapambo. Kesho yake? Jua, wingu, mvua, jua tena. Kesho kutwa? Mnauliza ya nini?

Katikati ya kisiwa ulisimama mlima mrefu. Upepo wa mashariki uliyasukuma mawingu mpaka yakajikwaa mlimani, yakamwaga yote yaliyoyabeba. Kwa hiyo upande huu wa mlima kila kitu kilikuwa kijani, hata mawe. Upande wa pili hakuna aliyeuzungumzia, maana wanyama waliokaa upande wa mvua walikuwa watu wazito, na watu wazito hawana nafasi ya kujua jirani anaishije.

Sasa wanyama hao walikuwa na desturi yao. Kila kukicha mmoja wao alipanda jiwe la uwanjani akatangaza, "Leo mvua!" Ilikuwa adabu tu, kama kumwambia karibu mgeni ambaye tayari amevua viatu. Na aliyetangaza ndiye aliyechagua kidimbwi cha kuogea siku hiyo. Leo njiwa, kesho panya, kesho kutwa kobe, ambaye alimaliza kupanda jiwe wakati mvua imeshakatika, akatangaza hivyo hivyo.

Raha mustarehe. Mpaka Bwana Nguruwe alipogundua kwamba ana koo.

Asubuhi moja alimsukuma njiwa, akapanda jiwe. "Nkhoo! Leo, nawatangazieni mimi, mvua!"

Na alasiri, ta-ta-ta, shaaa!

Wanyama wakashangaa. Kesho yake akatangaza tena, ikanyesha tena, wakashangaa tena. Walikuwa wepesi wa kushangaa, wale. "Ahsante, Mkuu wa Mvua!" wakasema, na Nguruwe, ambaye alianza kwa kudanganya, akamalizia kwa kuamini. Akawa anayatazama mawingu kama mtu anavyozitazama nguo zake kwenye kamba.

Na kwa kuwa yeye ndiye mtangazaji, vidimbwi vyote vikawa vyake. Aliingia kidimbwi cha njiwa, tubwi! Bwata-bwata-bwata! Alipotoka hapakuwa na kidimbwi, palikuwa na uji wa tope. Kesho yake kidimbwi cha panya, tubwi! Bwata-bwata-bwata! Uji. Kisha kidimbwi cha kobe, tubwi! Kobe alikuwa bado yuko njiani anakwenda kuoga.

Kikabaki kimoja tu.

Kilikuwa chini ya majani mapana ya magimbi, nacho kilikuwa cha chura mmoja mdogo wa kimo, jina lake Mama Wengi. Mnajua kwa nini aliitwa hivyo. Majini mlikuwa na viluwiluwi weusi tele, wana vichwa, wana mikia, miguu bado. Ndio uzazi wake wa kwanza. Yeye mwenyewe hakuwa mkubwa, na tangu mayai yapasuke hakuwa amefumba macho vizuri. Likianguka jani, aliruka. Likianguka tone, aliruka. Watoto wakinyamaza alifikiri wamekufa, wakichezacheza alifikiri wanakata roho.

Jioni moja majani ya magimbi yakafunuka, ikaingia pua. Pua pana, yenye matundu mawili kama mashimo ya panya.

"Nkhoo. Kesho kidimbwi hiki."

"Shikamoo Mkuu, karibu Mkuu, samahani Mkuu, si kwamba nakataa," Mama Wengi alisema, na akishaanza huyo hapumui, "ni hawa watoto tu, hawana miguu, miguu iko karibu kutoka, wakipata ya nyuma na ya mbele wataondoka wenyewe, mimi mwenyewe nitapafagia, ni siku chache tu Mkuu, ukilala humu watabanwa, watakwisha wote, Mkuu, wote!"

"Wahamishe."

"Kwenda wapi, Mkuu? Vidimbwi vingine vyote umeshaviogea."

"Basi wafundishe kutembea."

"Hawana miguu!"

"Huo ni uzembe wa mzazi," alisema Nguruwe, akaenda zake. Alikuwa na mengi ya kufanya, kama vile kulala.

Mama Wengi akabaki anatetemeka mpaka maji yakafanya mawimbi. Jirani yake, Bi Kaa, akatoka shimoni akipepesa macho yake ya vijiti.

"Nimesikia yote, mwenzangu. Pole. Lakini angalau amekupa taarifa. Mimi shimo langu alilikalia bila hodi."

"Bi Kaa, nifanye nini? Niambie nifanye nini, nimeze watoto niwateme wapi, nimng'ate, nina meno mimi? Nihame, nihamie wapi, nihamie ng'ambo ya mlima?"

"Eti ng'ambo ya mlima!" Bi Kaa akacheka, kakaka. "Nilifika huko mara moja, kufuata mchumba. Mchumba sikumpata, nikapata jua. Hakuna wingu, hakuna tone, ni mipungate ya miiba na mijusi tu. Nilitoka huku na tope miguuni, kufika kule limekuwa tofali! Nilisimama palepale kama sanamu, nikasubiri mijusi waje kunibandua. Wacheshi wale mijusi. Walicheka kwanza."

Mama Wengi aliacha kutetemeka. Akamtazama Bi Kaa. Akalitazama tope.

"Limekuwa tofali?" akauliza.

"Tofali kabisa."

Kulipopambazuka, Nguruwe aliamka akajinyoosha kwenda jiweni. Njiani akamkuta Mama Wengi amesimama, moyo unamdunda kwa nje.

"Shikamoo Mkuu, sikuja kwa habari ya kidimbwi, kidimbwi ni chako, nani amesema si chako, mimi sijasema, ila nilikaa nikawaza, Mkuu, kule ng'ambo ya mlima, ni nani anayeoga?"

"Kule? Sijui. Nani?"

"Hakuna, Mkuu! Hakuna hata mmoja!"

Nguruwe akasimamisha masikio. "Yaani hakuna aliyeshika kidimbwi?"

"Nakuapia Mkuu, kule hakuna kidimbwi ambacho mtu anaweza kusema hiki changu."

"Na mvua? Nani anawatangazia?"

"Hajawahi mtu kuwatangazia mvua, Mkuu. Maskini, wapo tu."

Angalieni hapo, hakudanganya hata neno moja. Mtoto wa watu alisema kweli tupu, na kweli ikamfaa kuliko uongo.

Nguruwe aliufikiria upande mzima wa kisiwa usio na mtangazaji. Mate yakamdondoka. Kisha akakunja uso. "Lakini nikienda, mvua itanifuata?"

Mama Wengi akasema kwa sauti ndogo, "Kwani mvua ni ya nani, Mkuu?"

"Ni yangu!" Nguruwe akafoka. "Unauliza swali gani?"

"Basi itabaki huku na nani?"

Nguruwe akageuza pua kuelekea mlimani.

"Mkuu, Mkuu, unakwenda hivyo? Uchi? Ugenini? Wakikuona huna joho watasema ni nguruwe tu. Ngoja tukuvishe. Tope zito, jekundu, la kule bondeni, mpaka shingoni."

Ikaletwa habari kwamba Mkuu anavalishwa. Sijapata kuona wanyama wanaopenda kazi ya kujitolea namna ile! Njiwa alileta tope. Panya alileta tope. Bi Kaa alilisukuma kwa mgongo. Wakampaka, paka-paka-paka, wakangoja likashika. Wakampaka tena, paka-paka-paka.

"Bado jembamba," alisema panya, ambaye alikuwa hajasahau kidimbwi chake.

"Ongezeni na shingoni," alisema njiwa.

Wakaongeza. Kobe alifika na donge lake wakati Nguruwe ameshaondoka, ikabidi alipake kwenye jiwe.

Nguruwe akapanda mlima, ndu-ndu-ndu. Nyuma yake Mama Wengi na Bi Kaa walimfuata wamejificha kwenye majani mabichi mpaka kileleni, pale ambapo ukitazama nyuma ni ukungu na ukitazama mbele ni tanuri. Wakachungulia.

Kule chini Nguruwe alisimama katikati ya mipungate. Mijusi walitoka kwenye mawe, wakapanga foleni kumtazama. Wageni kule ni adimu, na wageni wenye joho ndio kabisa.

"Nkhoo! Leo, nawatangazieni mimi, mvua!"

Jua likamwangalia.

"Labda haikusikia," alisema mjusi mmoja kwa upole.

"Nkhoo! Leo, nawatangazieni mimi, MVUA!"

Jua likasogea karibu. Joho likaanza kulia, krr, krr. Nguruwe akataka kuinua mguu, mguu ukakataa. Akataka kugeuza shingo, shingo ikakataa. Akakusanya pumzi zote zilizobaki, akapanua kinywa.

"Leo, nawatangazieni mimi, mv..."

Kra! Tope la mashavuni likakauka. Kinywa kikabaki wazi. Mijusi wakangoja amalizie. Mpaka leo wengine wanadhani alitaka kusema mviringo.

Bi Kaa alicheka mpaka akatembea mbele badala ya upande. Mama Wengi hakucheka. Alitazama nyuma, upande wa nyumbani, akaona anga ni nyeupe.

"Bi Kaa. Leo hakuna aliyetangaza."

"Ndiyo."

"Na kama kweli ilikuwa inamsikia yeye?"

Bi Kaa akaacha kucheka.

Mama Wengi aliteremka mlima kwa kuruka, akianguka, akiinuka, jua likimkausha mgongo. Alikuta wanyama wamekusanyika, shingo juu, na walipomwona wakamgeukia. Wale wale waliokuwa wakigombania kupaka tope!

"Umetuulia mvua!" alisema panya.

"Mimi nilisema toka mwanzo," alisema njiwa, ambaye hakuwa amesema kitu.

"Alikuwa na makosa yake, lakini kazi yake alikuwa anaijua!" walisema wengine.

Mama Wengi aliingia chini ya magimbi. Kidimbwi kilikuwa kimepungua, maji yamebaki kama ya kunawia mikono, na watoto wamebanana katikati, wanahema. Akajilaza pembeni yao, akawafunika kwa kivuli chake, kile kidogo alichokuwa nacho. "Nimewaua," akawa anasema, "mama yenu nimewaua mwenyewe, Nguruwe angewalalia tu, mngekufa upesi, nikajifanya nina akili, nani aliniambia nina akili?"

Adhuhuri ikapita. Kimya. Hata upepo ulishika pumzi.

Kisha jani la gimbi likasema, ta.

Mama Wengi akaruka, kama kawaida yake.

Ta. Ta.

"Ni ndege," alisema panya.

Ta-ta-ta. Ta-ta-ta-ta, shaaaaa!

Ilinyesha. Haikutangazwa, haikukaribishwa, haikuomba ruhusa ya mtu, haina adabu hata kidogo mvua ile. Kidimbwi kikajaa, viluwiluwi wakatawanyika, na Mama Wengi akakaa katikati ya maji akilia na kucheka, na asingeweza kusema kipi ni kipi. Nje wanyama wakamshangilia. "Tulijua!" wakasema. "Toka mwanzo tulijua!"

Jua, wingu, mvua, jua tena. Watoto wakaota miguu ya nyuma. Jua, wingu, mvua, jua tena. Wakaota ya mbele, mikia ikaingia ndani. Kule ng'ambo mijusi walimlisha Nguruwe matunda ya mpungate kwa kuyatupia kinywani, kwa huruma au kwa mchezo, na wengine hawakukumbuka kutoa miiba.

Mpaka ukafika msimu wa tufani, ile kubwa isiyoujali mlima, ikavuka vuuu, ikapiga pande zote mbili. Joho likalainika, likamporomoka Nguruwe. Akarudi amekonda, amelowa, meno yanagongana. Akapanda jiwe lake. Wanyama wakasubiri aseme samahani.

"Nkhoo! Mmeiona ile? Nilikwenda kuichukua mwenyewe!"

Na wanyama wakasema nini?

— Ahsante, Mkuu wa Mvua!

Mnawajua vizuri nyie. Akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye magimbi. "Sasa kidimbwi hiki."

"Karibu Mkuu," alisema Mama Wengi. "Kipo wazi."

Tubwi! Bwata-bwata-bwata! Na juu ya kila jani la gimbi alikaa chura mdogo, wa ukubwa wa kucha, anamtazama, ana miguu minne yote. Mama Wengi aliwatazama mpaka wa mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mayai yapasuke, akafumba macho. Likaanguka jani. Hakuruka.

Haya, watoto, mafunzo. Waheshimuni wakubwa wanaowaambia leo kutakuwa na mvua, hasa ikiwa mmeshalowa. Wanawake waoga wasijaribu kufikiri, ni hatari kwa afya ya wengine. Na mtu akitaka kusafiri, msaidieni kuvaa.

Hadithi yangu imenyesha, imekatika. Aliyelowa ajianike.
— Na aliyebaki mkavu?
Huyo ana joho. Mwacheni hapo hapo.