Ndoo Aliyotoka Nayo Shaame Msikitini

Kisa hiki nimeletewa na shemeji yangu, nami nakutumia wewe, hasa wewe unayeacha bomba linatiririka huku unapiga mswaki. Usikasirike. Soma kwanza.

Kulikuwa na kijiji kisicho na mto wala kisima cha maji matamu. Maji ya kutawadhia yalikuwa ya mvua tu, yanakusanywa kwenye birika kubwa la msikiti. Yalikuwa maji ya wakfu. Kutawadha ruhusa, lakini kutoka nayo nje, hata kopo moja, ilikuwa aibu ya kumhamisha mtu.

Mtunza birika alipofariki, Faki, mzaliwa wa pale, alijua nafasi ni yake. Baba yake aliwahi kuishika, na babu yake pia. Halafu nani pale alitawadha kama Faki? Mkono mmoja aliumwagia kata saba za maji, mguu kata kumi, maji yanaruka mpaka kwenye kanzu za wenzake. Watu wakimtazama, yeye anadhani wanamwonea gere kwa uchamungu wake!

Mara akasikia Sheikh Mbarouk, imamu wao, anamfikiria Shaame. Shaame! Mshona makubadhi, mtu wa kuja, hata miaka mitatu hajatimiza hapo! Wivu ukamshika Faki. Akimwona Shaame anacheka, anaumia. Akisikia watu wanamsalimia kwa heshima, anaumia zaidi.

"Wameona nini kwa yule?" akamuuliza mkewe.

"Kula wali wako, mume wangu. Shaame hajakukosea kitu."

Hakula. Akaanza kumchunguza mwenzake, na siku ya tatu akapata alichokitaka. Swala ya adhuhuri ilipokwisha, Shaame alipita mlango wa nyuma na ndoo iliyofunikwa kitambaa, nzito mpaka bega limeinama. Kesho yake vilevile. Mwizi! Faki almanusura apige makofi kwa furaha.

Ikafika Ijumaa. Watu hawajamaliza kuvaa viatu, Faki akamdaka Shaame mkono.

"Sheikh! Jamaa! Huyu ndiye mnayetaka kumkabidhi birika? Anaiba maji ya wakfu! Ifunueni hiyo ndoo!"

Sheikh akaondoa kitambaa. Maji yalikuwa machafu, yana vumbi, na sisimizi wawili wanaelea juu.

"Haya si ya birikani," akasema. "Umeyatoa wapi, Shaame?"

"Mferejini, sheikh. Ndiyo yanayomwagika watu wakitawadha. Hayafai kutawadhia tena, basi nawapelekea punda wa sokoni. Wanafungwa juani, wenye punda wako ndani wanaswali."

"Na ndoo nzima hii inajaa kwa watu wangapi?"

Shaame akataka kuifunika ndoo tena. Sheikh akamuuliza tena.

"Kwa mmoja tu, sheikh. Huwa naitega pale anapokaa Bwana Faki. Uniwie radhi, Bwana Faki."

Lo! Kuna waliocheka waziwazi, na kuna waliojifanya wanakohoa. Faki alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sheikh hakucheka. "Faki, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, viganja viwili vilivyojaa. Na akakataza kuosha kiungo zaidi ya mara tatu. Wewe ukikabidhiwa birika, sisi wengine tutatawadha kwa nini?"

Ufunguo wa birika akapewa Shaame palepale.

Faki akarudi nyumbani, akakaa kitandani. Mkewe akamwambia, "Hebu usahau huo ufunguo, mume wangu."

"Ufunguo na awe nao!" Faki akasema, na machozi yakamtoka. "Muda wote huo, mke wangu! Maji nimeyamwaga mimi, na kila punda aliyekata kiu, thawabu kapata Shaame. Mimi nimebaki na dhambi ya israfu tu. Hapo ndipo ninapomwonea wivu sasa."

Funzo: Maji ni amana ya Mwenyezi Mungu, na kuyamwaga ovyo ni israfu hata ukiwa katika ibada; na ukitaka kumwonea mwenzako wivu, mwonee kwa jema alilolitenda kwa neema uliyoichezea wewe.