Alama Chini ya Mawe ya Husuni

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Shamu palikuwa na magofu ya husuni, yaani ngome, juu ya kilima. Siku ya vita ukuta wake wa mashariki uliporomoka, adui akaingia, watu wengi wakauawa. Lawama ikamwangukia mwashi mmoja, Jundubu, kwamba aliiba chokaa, akajenga kwa udongo. Akafukuzwa pamoja na watu wake, na hata waliporudi baadaye, hakuna wa ukoo wake aliyeruhusiwa kuweka jiwe juu ya jiwe. Mjukuu wake, Bibi Rumaila, alizeeka akiwachekechea mchanga wajenzi wengine, huku akiitwa binti wa mwizi.

Miaka sabini baadaye, watu walikata shauri kujenga msikiti kwa mawe yale. Kazi akapewa Dhakwani, mwashi mcha Mungu, ambaye babu yake alifia chini ya ukuta ule ule. Watu walimwita mjukuu wa shahidi na, binadamu ni binadamu, jina hilo lilimpendeza.

Waashi wa zamani walikuwa na ada: kila mmoja alichonga alama yake upande wa chini wa jiwe, asiione mtu ila Mola wake. Dhakwani alipopindua jiwe la kwanza la ukuta ulioanguka, udongo mtupu ukapukutika. Na alama? Mwezi mwandamo na nukta tatu, ile ile iliyokuwa kwenye patasi aliyorithi kwa babu yake! Akapindua la pili, la tatu, la kumi. Yote ya babu yake. Akaketi kifusini. Kilimani alikuwa peke yake, na patasi iko mkononi. Mapigo machache tu, alama zingefutika.

"Aliyeziona zikichongwa ananiona mimi sasa," alisema, akaitupa patasi.

Baada ya sala ya Ijumaa aliliweka jiwe mbele ya waumini, akaeleza yote. Kisha akamwendea Bibi Rumaila.

"Mama yangu, tumewadhulumu. Tusamehe."

"Sisi tulijua, mwanangu."

Dhakwani alihisi kama amepigwa kofi. "Mlijua! Mbona mlinyamaza?"

"Jundubu alifanya kazi bega kwa bega na babu yako, alijua ule udongo ni wa nani. Lakini hukumu ilikuwa mwenye kosa afukuzwe pamoja na watu wake, nje kwenye theluji. Babu yako alikwisha kufa, ameacha mjane na kichanga cha siku arobaini. Kichanga hicho ndiye baba yako. Walipomshika Jundubu, hakujitetea. Alituambia, 'Wanangu wana miguu, watatembea.'"

Dhakwani alilia hata ndevu zikalowa. Akamshika mkono bibi yule, akamwomba aweke jiwe la kwanza la msikiti. Aliweka. Alipoulizwa achongewe alama gani, akasema, "La kwetu liacheni hivyo hivyo."

Ndugu zangu, tujiulize: wangapi tunaowadharau leo, na huku tunaishi kwa fadhila ya kunyamaza kwao?