Kufuli Juu ya Boneti

"Kabla hujalaani betri, tikisa waya." Mnacheka, wajukuu, mnadhani ni maneno ya gereji. Methali hii ilianza hivi: ilianza kwa msiba, siku ya Alhamisi Kuu, mvua za masika zikiwa zimechachamaa.

Asubuhi hiyo Yoeli Mgonja, mkulima wa tangawizi, alimfikisha mkewe Naetwe kituo cha afya akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Nesi akampapasa, akasema, "Hapa hatuna chumba cha upasuaji, baba. Awahishwe wilayani." Yoeli akashusha pumzi, maana gari la wagonjwa lilikuwepo nje, limeoshwa likaoshika.

Ila gari lile lilikuwa na vituko. Likipita shimo taa zinazima. Likipita shimo jingine zinawaka. King'ora kililia chenyewe sokoni, mara kikanyamaza. Watu wakasema lina jini. Mkuu wa kituo akasema ni betri. Ikaletwa mpya, ikaletwa ya pili, ikaletwa ya tatu. Kisha, kwa kuogopa wezi, akafunga boneti kwa mnyororo na kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Wakubwa ndivyo walivyo: kinachowashinda kukitazama, hukifungia. Na Alhamisi hiyo alikuwa ameshaondoka kwenda kula Pasaka kwao, na ufunguo wake.

Naetwe akapakiwa, nesi akaketi naye nyuma, safari ikaanza; kwenye tambarare ya mtoni gari likaruka shimo, likazima. Kajiru, dereva, akazungusha swichi. Kimya. Hata honi haikulia.

"Funua hapo mbele uangalie!" Yoeli alisema.

"Kuna kufuli, mzee."

"Si ulivunje!"

"Nikilivunja sina kazi. Mkuu alishaapa."

Wakashuka kulisukuma. Magurudumu yakadidimia kwenye tope. Naetwe akasema kutoka ndani, kwa sauti ndogo, "Yoeli, mnasukuma au mnabembeleza mtoto?" Yoeli akacheka, machozi yakimtoka. Wakasukuma tena, na tena. Naetwe hakutania tena.

Hapo Yoeli akaokota jiwe la mtoni, akaliponda lile kufuli mpaka likaachia. Wakafunua boneti. Betri ilikuwa inang'aa, mpya kabisa. Lakini kibano cha waya kilikuwa kilekile cha zamani, kimeota ukungu mweupe kama unga, kinapwaya juu ya kichwa cha betri kama kofia ya babu kwa mjukuu. Betri tatu zimebadilishwa, na kibano hakuna aliyekikaza. Kajiru akakishika, akakitikisa tu.

Taa zote zikawaka. King'ora kikapiga ukelele mlima mzima ukasikia.

"Naetwe! Limewaka!" Yoeli akakimbilia mlango wa nyuma. Nesi alikuwa ameketi pale, ameushika mkono wa Naetwe, hatazami mtu.

Yoeli akamgeukia dereva. "Waya tu?" aliuliza. "Kajiru, waya tu?"

Matangani mkuu wa kituo alikuja na suti yake. Akasimama, akatoa pole, kisha akasema, "Wananchi, msiwe na hofu. Betri nyingine mpya tumeshaiagiza."

Aliyekuwa akimimina chai akaimimina mpaka ikafurika sahanini. Yoeli akainuka mkekani, taratibu, akamtazama mkuu usoni.

"Kabla hujalaani betri, mkubwa, tikisa waya."

Neno hilo halikuishia matangani. Mtu akimfukuza mke kwa maneno ya majirani, ataambiwa. Kiongozi akibadilisha watu na kuuacha ubovu palepale, ataambiwa: kabla hujalaani betri, tikisa waya.

Lakini mnaolisema hamlimalizi. Yoeli aliongeza jambo siku ile, na mkuu akainama kutazama viatu vyake:

"Na huo waya sisi tungeutikisaje, nawe umeondoka na ufunguo?"